Kumbukumbu ya Sengaro: Malungo imekubali hesabu

Jana saa nne usiku jedwali la watu wa Sengaro, nchi ya kubuni ninayoiandikia hadithi, lilitulia. Majimbo yote 11, dini zote 4, na jumla ya mwisho ikalingana na daftari la kodi hadi mtu wa mwisho. Niliinuka, nikazunguka chumba mara mbili, nikarudi kuitazama tena. Hesabu hii imenikaba koo tangu mvua za Aprili.

Majimbo nimeyahesabu kwa kaya, kwa sababu mtoza kodi wa Sengaro hahesabu watu, anahesabu milango. Kaya nikazizidisha kwa 5, kiwango alichotumia mwanahistoria Ömer Lütfi Barkan kwa daftari za kodi za Milki ya Uthmaniya. Mji mkuu wa Sengaro, ulio bandarini, nimeupa 3 tu. Sensa ya 2019 ilikuta wastani wa watu 3.9 kwa kaya Kenya nzima, lakini Nairobi ni 2.9, na aliyewahi kupanga chumba mtaa wa Pipeline hawezi kushangaa. Mji wa bandari uliojaa vibarua hauwezi kuwa na kaya za kijijini.

Jimbo la Malungo ndilo lililonitesa. Kaya 84,000, yaani watu 420,000. Makuhani wa Taa, moja ya zile dini 4, wanadai waumini 310,000. Wazee wa Njia ya Mto, dini nyingine, wanadai 190,000. Ukijumlisha unapata 500,000, kwa hiyo waumini 80,000 wamezidi jimbo lenyewe.

Wiki sita zimeishia hapo. Kwanza nilipunguza pande zote kwa uwiano, Taa ikashuka hadi 260,400 na Mto hadi 159,600. Jedwali likapendeza, Malungo ikafa. Hadithi yote ya jimbo lile imesimama juu ya mwanamke mwenye kivuko, anayewasha taa jioni na kumwaga unga mtoni alfajiri kabla abiria wa kwanza hajapanda. Katika hesabu ile hakuwa na mahali pa kukaa.

Kisha nikashika mbinu ya wanatakwimu Deming na Stephan ya 1940: unarekebisha mistari (kwangu majimbo), halafu safu (dini), halafu mistari tena, mpaka zote zitulie. Hazikutulia. Nikinyoosha majimbo, dini zinapinda. Nikinyoosha dini, majimbo yanapinda. Mizunguko 40, kisha 200. Nikaandika fomula upya seli kwa seli, stima ikapotea nikiwa katikati, nikaanza tena. Niliumia, kwa kweli. Mpaka nilipojumlisha kwa penseli: majimbo yalitoa 6,150,000, dini zilitoa 6,720,000. Jumla mbili za namna hiyo haziwezi kukutana hata ukizizungusha mwaka mzima.

Bado nilishikilia kwamba makuhani wanaongeza chumvi. Aliyenitoa huko ni nyanya yangu, aliyekuja kutoka Kitui kutibiwa goti. Jumapili alirudi kutoka misa, rozari ingali mkononi, nikampa uji. Kabla ya kunywa aliinamisha kikombe kidogo, tone likaanguka sakafuni kando ya mguu wa kiti.

"Nyanya, hilo ni la nani?"

"La wenyewe," akasema, akanywa.

Katika sensa nyanya ni Mkatoliki, na ni Mkatoliki kweli. Waliohesabiwa kuwa wa dini za jadi Kenya mwaka 2019 hawakufika asilimia 1. Karani huandika dini moja kwa mtu mmoja, na lile tone halina pa kuandikwa.

Uji wangu ulipoa mezani. Wale 80,000 si uongo wa makuhani, ni watu wanaosali mahali pawili na kuhesabiwa pote pawili. Nikafungua safu mpya, "njia mbili". Taa pekee 230,000, Mto pekee 110,000, njia mbili 80,000. Jumla 420,000. Mwenye kivuko amepata mahali pake. Nikafanya hivyo kila jimbo lililozidi, na mzunguko wa 7 jedwali likatulia.

Ila hiyo 80,000 ni kiwango cha chini kabisa. Kama Malungo ina watu wasiosali kokote, basi wa njia mbili ni wengi zaidi, na nitalazimika kuamua ni wangapi.

Kazi yote nimeifanya kwa LibreOffice Calc, programu ya laha za hesabu, na daftari la hesabu la miraba. Wenzangu wananihimiza nihamie Python, lugha ya kuandikia programu. Kwa majimbo 11 sioni sababu. Kwenye laha seli inayokataa inageuka nyekundu mbele yangu na ninajua ni jimbo gani. Na kosa kubwa la mradi huu lilikamatwa na penseli.

Ramani ya Sengaro niliyoahidi mwezi huu haitakuwapo, kwa sababu nimeshikwa na majina. Mwaka 1979 mwanahistoria Richard Bulliet alikadiria kasi ya watu wa Iran kusilimu kwa kufuata majina katika nasaba: jina la Kiislamu linapoanza kuonekana, ukoo umevuka. Nataka kufanya vivyo hivyo kwa chama cha wavushaji wa Malungo. Kuna mtego, na ninaujua kwa sababu nimesoma na akina Juma wa Bungoma ambao ni Wakristo tangu babu zao: jina husafiri bila dini. Kwa hiyo kila jina la Taa nitaliwekea alama ya penseli kwanza. Hadi asubuhi hii nina majina 212 ya vizazi vinne, na jina la kwanza la Taa limetokea kizazi cha tatu, kwa mama yake mwenye kivuko.