Tiketi ya Houston na Tende Tatu

Ushabiki wangu kwa UConn, timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, una mzizi mmoja: Hasheem Thabeet. Mtoto wa Dar es Salaam, futi 7 na inchi 3, aliichezea timu ile hadi mwaka 2009 walipofika nusu fainali kule Detroit, wakafungwa na Michigan State 82 kwa 73. Mwaka huohuo timu ya Memphis walimchukua, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani. UConn walibeba kombe la vyuo 2011, wakalibeba tena 2014, na mara zote mbili mimi nilikuwa bado Tandika nasoma matokeo asubuhi. Kwa hiyo Machi 2023, nikiwa tayari naishi Dallas, waliposhinda na kuingia timu nne za mwisho, na mechi zenyewe zikawa Houston, mwendo wa basi wa saa nne tu, sikuwa na cha kufikiria.

Usiku ule wa Jumamosi walipowachapa Gonzaga 82 kwa 54 nikafungua simu. Tiketi ya kiti cha juu kabisa uwanjani, dola 210. Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye kulipa, nikaona kwanza nimpigie shemeji yangu wa Houston.

"Shem, tulia," akasema. "Usinunue leo."

Akanieleza, na nikaona anaijua kazi. Wenyeji walikuwa wamenunua tiketi mapema kwa matumaini: Chuo Kikuu cha Houston kilipangwa namba moja katika kundi lake, na Texas namba mbili. Houston walikuwa wametolewa na Miami Ijumaa. Texas wangecheza na Miami haohao Jumapili. "Texas wakitoka, hawa watu watazimwaga sokoni."

Texas wakatoka, 88 kwa 81. Ilikuwa Ramadhani, na alfajiri ya Jumatatu nilikuwa macho kwa ajili ya daku. Bakuli la uji mkono mmoja, simu mkono mwingine, nikaziona bei zinavyoteremka: safu ileile ya viti sasa dola 125. Hapo nikanunua. Wakati ule ukifika mwisho wa kulipa ndipo ada ilikuwa inajitokeza, dola 38 juu yake, na hiyo iliniuma. Kiti nilichagua kwa makini. Uwanja wa NRG ni wa mpira wa miguu wa Kimarekani, unabeba zaidi ya watu 70,000, na sakafu ya kikapu huinuliwa jukwaani katikati kabisa. Kiti cha chini kwenye kona kina bei kubwa na unaona migongo ya watu. Mimi nilichukua juu, usawa wa mstari wa kati.

Halafu tiketi haikuja. Siku hizi hakuna karatasi, aliyekuuzia anakurushia kutoka akaunti yake hadi yako, na wangu alikaa kimya Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Hela imeshakatwa. Nilikuwa nashika simu kila baada ya dakika tano kazini. Alhamisi mchana ikaingia, na hapohapo nikaihifadhi ndani ya simu, maana mageti yakijaa mtandao hukwama.

Jumamosi tarehe 1 Aprili nikapanda basi alfajiri. Msafiri ana ruhusa ya kula, lakini nilifunga. Adama Sanogo, mtoto wa Bamako, mchezaji mrefu wa UConn, alikuwa anafunga na anacheza. Mimi wa kukaa kitini nishindwe?

Kutoka katikati ya mji mimi na shemeji tulichukua treni ya mjini mpaka NRG. Pembeni yake bado umesimama uwanja wa zamani wa Astrodome, umefungwa, rangi imechujuka. Mwaka 1968 zaidi ya watu 52,000 walijaa mle kuona Chuo Kikuu cha Houston wanaifunga UCLA, chuo cha Los Angeles, 71 kwa 69. Nje ya geti kijana alitaka kutuuzia tiketi mbili, akatuonyesha picha ya skrini. Shemeji akamkatalia kwa upole. Alama ya tiketi halisi inabadilikabadilika kwenye simu, picha haikupitishi popote.

Mfukoni nilikuwa na tende tatu ndani ya karatasi ya fedha. Mkaguzi, mama wa makamo, akazifungua, akazitazama, akazifunga vizuri kama alivyozikuta. "Za kufuturu?" Nikamjibu ndiyo. Akanipitisha.

Nusu fainali ya kwanza, Florida Atlantic waliongoza kwa pointi 14 kipindi cha pili. San Diego State wakafukuza, wakafukuza, mpaka Lamont Butler akarusha mpira wa mwisho saa ikiisha: 72 kwa 71. Mzee aliyekaa mbele yangu alinikumbatia bila kunijua.

Jua lilizama saa moja na dakika arobaini hivi, UConn wakipasha misuli. Nilimpa shemeji tende moja, mimi nikala mbili, nikanywa maji ya chupa ya dola sita nikimtazama Sanogo kwenye skrini kubwa. Mechi ikaanza, na mapema tu akatupia mbili za pointi tatu. Alimaliza na pointi 21 na riboundi 10, yaani mipira iliyokosa kikapu akaidaka, Miami wakalala 72 kwa 59.

Tiketi yangu haikuwa ya fainali, na Jumatatu nilikuwa na zamu. Shemeji aliipata ya fainali asubuhi ileile. Usiku, nikiwa ghalani Dallas, akanitumia sauti iliyojaa kelele za uwanja: "Shem, 76 kwa 59! Timu ya Thabeet!"