Yuda, siye Iskariote

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Kwenye simu yangu wamo akina Neema watatu: Neema Kwaya, Neema wa Mbezi na Neema Mchele. Huyu wa mwisho aliacha kuuza mchele zamani, siku hizi ana saluni, ila kwangu angali Mchele. Siku moja aliliona hilo jina nilipompigia tukiwa tumekaa pamoja. Alicheka, lakini nadhani lilimchoma kidogo.

Nilimkumbuka juma hili nikisoma Matendo 10. Malaika anamwambia Kornelio, akida wa Kirumi, atume watu Yafa wakamwite Simoni aitwaye Petro, aliyefikia kwa Simoni mtengenezaji wa ngozi, ambaye nyumba yake iko pwani. Maelekezo kamili, kama ya kumpa bodaboda! Na yalihitajika. Nyumba moja ina Simoni wawili. Wajumbe wangebisha hodi na kumwulizia Simoni tu, angetoka mwenye nyumba na harufu yake ya ngozi.

Simoni, Yuda, Yohana, Eleazari: haya yalikuwa majina ya Wamakabayo, mashujaa wa karne ya pili kabla ya Kristo, na Wayahudi waliendelea kuwapa watoto wao. Basi mtu alitambulishwa kwa baba, kwa mji, kwa kazi. Chini ya msalaba, Yohana 19:25, wamesimama Mariamu watatu. Bartimayo hata jina lake hasa hatulijui. “Bar” kwa Kiaramu ni mwana, naye ni mwana wa Timayo, basi. Simoni Mkirene anatambulishwa kwa watoto, kama tufanyavyo sisi: ni baba wa Iskanda na Rufo. Na yuko Simoni mkoma wa Bethania, ambaye Yesu alikula nyumbani mwake. Mkoma hakuruhusiwa kukaa na watu, kwa hiyo yumkini alikuwa amekwisha kupona. Ugonjwa umeondoka, jina limebaki. Neema Mchele anamwelewa.

Lakini aliyenisimamisha ni mwingine, katika Yohana 14:22: “Yuda (siye Iskariote)”, yaani si yule aliyemsaliti Yesu. Wenzake wanajulikana kwa walivyo, yeye anajulikana kwa asivyo. Luka anamwita Yuda wa Yakobo. Mathayo na Marko, mahali pake kwenye orodha ya wale Kumi na Wawili, wana Thadayo, na wengi huamini ni mtu yuleyule. Kama ndivyo, simlaumu aliyechagua kumwita Thadayo. Fikiri kuhubiri Injili, watu wanakuuliza jina, unasema “Yuda”, kisha unaona nyuso zao zinavyobadilika.

Katika Injili zote nne ameandikiwa sentensi moja tu, na ni swali: imekuwaje Bwana ajidhihirishe kwao na si kwa ulimwengu? Swali zuri, la mtu aliyekuwa akisikiliza. Na jibu alilopewa ni miongoni mwa ahadi kubwa za usiku ule wa chakula cha mwisho cha Yesu na wanafunzi wake: “Mtu akinipenda, atalishika neno langu, na Baba yangu atampenda, nasi tutakuja kwake, na kufanya makao kwake.”

Nimerudi nyuma sura moja kuangalia nani alikuwa chumbani. Yohana 13:30: Iskariote amepokea tonge, ametoka, nje ni usiku. Kwa hiyo swali lilipoulizwa, pale mezani hapakuwa na Yuda mwingine wa kumchanganya naye. Lile neno “siye” aliliongeza Yohana baadaye kwa ajili yetu wasomaji, tusije tukakosea mtu. Mle ndani, Bwana alipogeuka kumjibu, alikuwa Yuda tu.