Mtaro mmoja, kila Jumamosi

Nilikuwa na miaka 16 tulipoanzisha kikundi cha kujitolea. Tulikuwa 19, mkubwa wetu ana miaka 17, wadogo kabisa wana 13. Vikao viwili vya mwanzo viliishia kwenye jina la kikundi na uchaguzi: mwenyekiti, makamu, katibu, mweka hazina. Mimi ndiye niliyechaguliwa mwenyekiti. Kazi yenyewe tulikuja kuitafuta baadaye.

Tukauchagua mtaro wa maji ya mvua unaopita nyuma ya nyumba za watu, kwa sababu uchafu wake ulionekana kwa kila apitaye: chupa, mifuko, majani yaliyooza, tope jeusi. Tukaomba ruhusa ofisi ya mtaa, tukaazima makoleo na reki, tukaalika wageni. Siku ilipofika, watu wazima walihutubia zaidi ya saa nzima, sisi tumesimama juani tumeshika bango. Zikapigwa picha. Ndipo tukaanza kuchimba, na tulichimba kwa moyo mpaka viganja vikatoka malengelenge. Wiki mbili baadaye mvua kubwa ikanyesha, mtaro ukaziba vilevile.

Iliniuma sana. Nilikwenda peke yangu kuutazama, nikamkuta bibi mmoja ambaye mlango wake wa uani unatazamana na mtaro. Nikamwamkia, akaitikia, akanyoosha fimbo yake ukingoni.

"Mjukuu wangu, mlifanya kazi, nami niliwaona. Lakini mchanga mliuacha hapa hapa. Mvua imeurudisha ulikotoka."

Nikatazama. Chungu za tope tulizozitoa zilikuwa zimebaki nusu, na kila moja ilikuwa na michirizi ya maji iliyoteremkia mtaroni. Akaniambia na jingine: tulianzia juu. Ukianzia juu, uchafu unaouchokoza unateremka hadi palipoziba, na maji yanakosa pa kutokea. Unatakiwa uanzie chini, kwenye mdomo wa mtaro, ukipanda nao. Nilipomuuliza kwa nini hakutuambia siku ile, alisema hakuna aliyemuuliza.

Nilimsimulia mwalimu aliyekuwa mlezi wetu. Hakunilaumu. Alichukua karatasi akachora ngazi yenye vipandio 8, akanieleza kwamba imeandikwa na Roger Hart katika kitabu kilichotolewa na UNICEF mwaka 1992, kuonyesha watoto na vijana wanashirikishwa kwa kiasi gani. Vipandio vitatu vya chini havihesabiwi kuwa ushiriki: cha kwanza ni kutumiwa, cha pili kuwekwa kama pambo, cha tatu kushirikishwa kwa jina tu. Kile cha juu kabisa ni pale watoto wanapoanzisha jambo wenyewe na kuamua pamoja na watu wazima. Akaniuliza siku ya bango tulikuwa wapi. Nikaweka kidole kwenye kipandio cha pili.

"Na wale wenzako wa miaka 13," akasema, "kwenye kikundi chenu wako wapi?"

Nilinyamaza. Wale watoto tulikuwa tunawatuma maji na mifuko. Katika vikao vyote hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuongea, na mimi mwenyekiti sikuwahi kuliona hilo. Mwalimu alinikumbusha Kifungu cha 12 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kwamba mtoto anayeweza kuwa na maoni yake ana haki ya kuyatoa katika mambo yanayomhusu. Kifungu hicho nilikuwa nimeshakidai kwa niaba yangu mbele ya wakubwa.

Kikao kilichofuata tuliweka utaratibu wa wadogo kuanza kusema, kisha sisi. Mwanzoni kulikuwa na ukimya mrefu, tena wa kuchosha. Halafu msichana mmoja wa miaka 13, sauti yake ndogo, akauliza: kwa nini tusiende nyumba kwa nyumba tukaulize watu wanasumbuliwa na nini? Hakuna wazo lililotufaa kuliko hilo katika miaka yangu yote pale.

Tulikwenda wawili wawili, tukiwa na daftari na maswali matatu: nini kinakukera hapa, umeshajaribu kufanya nini, na ungeweza kusaidia kwa lipi. Sisi tulidhani kero ni takataka. Watu walitaja mbu na maji kuingia ndani. Hapo mpango wote ukabadilika. Kukiwa na joto, yai la mbu linaweza kuwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 10 hivi, kwa hiyo usafi mkubwa wa mara moja kwa miezi kadhaa haumsumbui mbu hata kidogo. Tukaamua saa moja kila Jumamosi: kuanzia mdomo wa mtaro, kuondoa maji yaliyotuama penye viluwiluwi, na tope lote kwenye toroli hadi sehemu tuliyoonyeshwa na ofisi ya mtaa.

Mambo ya usalama hatukuyafanyia mzaha. Kila mwenye umri chini ya miaka 18 alileta ruhusa ya mzazi iliyoandikwa. Glavu na gambuti ni lazima, vioo na sindano anaokota mtu mzima kwa koleo, na mvua ikinyesha hakuna kushuka mtaroni.

Uongozi nao tukaufanya wa zamu, wiki nne kwa kila mtu. Hili lilinigharimu, kwa sababu nilikipenda cheo changu, na wiki za mwanzo nilikuwa nadakia kila neno la aliyeshika zamu. Fedha tuliziandika kwenye daftari moja, wawili wanasaini, hesabu zinasomwa mbele ya wote. Siku moja risiti ikapotea tukagombana vibaya. Kwa kuwa daftari lilikuwepo, ugomvi uliisha siku hiyohiyo.

Tulipungua tukabaki 11. Wengine walikwenda kwenye mitihani, wengine walichoka kazi isiyo na picha. Wale 11 waliutunza mtaro kwa misimu miwili ya mvua bila kuziba, na bibi yule akawa anatutolea kiti ukingoni, akikaa hapo kutuelekeza.

Niliondoka nilipotimiza miaka 18. Mwaka uliofuata nilirudi kuwasalimia, Jumamosi asubuhi. Yule msichana ndiye aliyekuwa na zamu. Alikuwa kwenye mdomo wa mtaro, suruali imekunjwa ndani ya gambuti, anamwonyesha mtoto mgeni jinsi ya kukokota tope kwa reki bila kuirusha juu. Akaniona.

"Shikamoo kaka. Glavu umekuja nazo?"

Sikuwa nazo. Akanipa jozi moja kutoka kwenye ndoo, akanionyesha toroli lilipo, akarudi kwa mtoto wake.