Nilivyomsoma "Ng'ombe" wa angani kwa spektra

Usiku mmoja mjomba alichungulia kompyuta yangu, akasoma majina ya mafaili, akacheka. "Chuo chote kile, mpwa wangu, kumbe unachunga ng'ombe?"

Hakukosea sana. AT2018cow ni mlipuko ulioonekana Juni 16, 2018 na mfumo wa darubini za ATLAS kule Hawaii. Herufi za mwisho hugawiwa kwa zamu tu. Zikaangukia neno ambalo kwa Kiingereza ni ng'ombe, na jina likaganda. Galaksi yake, CGCG 137-068, iko umbali wa miaka ya nuru milioni 200 hivi. Supanova nyingi, yaani milipuko ya nyota, huchukua wiki mbili au zaidi kufika kilele cha mwanga. Huyu alifika kwa siku chache, akang'aa kupita kiasi, kisha akaanza kufifia bila kupumzika.

Darubini sina. Nilikuwa na bando, lugha ya programu ya Python, na hazina ya mtandaoni ya WISeREP ambako spektra za milipuko, yaani mwanga wake uliochanguliwa rangi kwa rangi, huwekwa wazi. Faili lenyewe ni safu mbili za namba, urefu wa wimbi na kiasi cha mwanga. Nikapakua za siku tofauti, nikazichora moja juu ya nyingine.

Mwanzoni nilijidanganya. Karibu na nanomita 760 kulikuwa na bonde kali, nikaandika daftarini kwa herufi kubwa: OKSIJENI. Ni oksijeni kweli, ila ni ya hewa hii tunayovuta! Kilichonizindua ni kwamba bonde halikusogea wala kupanuka, iwe wiki ya kwanza au ya nne, huku mengine yote yakibadilika. Tena kwenye spektra ambazo alama za hewa zilikuwa zimeshaondolewa, halikuwepo kabisa. Nilifuta ukurasa mzima.

Kisha ikaja hidrojeni. Maabara huipata nanomita 656.3, lakini galaksi ile inatuacha, na mawimbi ya mwanga wake yamevutwa kwa takriban asilimia 1.4, hivyo nikaikuta 665.5. Mstari mwembamba pale ni gesi ya galaksi yenyewe. Wa Ng'ombe ni ule mwinuko mpana uliojitokeza baadaye, baada ya wiki mbili hivi, pamoja na wa heliamu. Upana ndio mwendo, gesi ikikimbia zaidi mstari hupanuka zaidi: nanomita 10 mahali hapo ni kama kilomita 4,500 kwa sekunde. Kabla ya hapo spektra zilikuwa za buluu na laini, karibu hazina alama za kushika.

Joto ndilo lililonitoa jasho. Programu yangu, inayokisia joto la mlipuko kwa umbo la mchoro, ilinipa kelvini 20,000, nikibadilisha kidogo mahali pa kuanzia inanipa 50,000, na mistari yote miwili inapita vizuri juu ya data. Nilidhani nimekosea msimbo. Kumbe kitu chenye kelvini 30,000 hutoa mwanga wake mwingi karibu na nanomita 97, na spektra zangu zinaanzia 350. Nilikuwa napima mlima kwa kuangalia mkia wake. Nilipoongeza vipimo vya urujuanimno vya satelaiti ya Swift, jibu likatulia karibu na 30,000 kwa siku za mwanzo, na wiki kadhaa baadaye bado lilikuwa juu ya 10,000. Supanova ya kawaida ingekuwa imepoa zamani.

Nikeli nururifu, inayoendesha supanova nyingi, haitoshi hapa: ingehitajika nyingi kuliko maada yote iliyorushwa. Ndiyo maana wengi wanafikiri kuna injini ndani. Huenda nyota kubwa iliporomoka ikaacha shimo jeusi au nyota ya nyutroni inayozunguka kasi, au shimo jeusi la ukubwa wa kati lilirarua nyota. Mimi naegemea kuporomoka, ingawa spektra zangu peke yake haziwezi kuamua.

Sasa nahangaika na AT2020xnd, ndugu yake aliye mbali zaidi. Hidrojeni yake naisaka karibu na nanomita 816, katikati ya kelele tupu. Huyo wamembatiza Ngamia. Mjomba sijamwambia.