Tafi wa kupaka kwa wageni 12, na sikukopa

Maulidi ya Mfungo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, yakikaribia, nyumba za Lamu hujaa wageni. Mwaka huu wakwe zangu walikuja kutoka Mombasa, watu 12, na kila jirani alikuwa na ushauri wake: pika pilau ya nyama, nunua nguru. Mmoja aliniambia kabisa, "Dada, kopa dukani, usituaibishe. Watu wa Mombasa hawalishwi tafi." Niliudhika. Tangu lini tafi, samaki wetu mdogo wa penye mwani, akawa aibu kisiwani?

Kwanza, nguru huvuliwa nje ya mwamba, na kusi likivuma mashua nyingi hazitoki, basi bei yake haishikiki. Tafi hunaswa kwa madema, ile mitego ya kusuka, huku huku ndani penye mwani. Niliwahi alfajiri, nikachagua wenye macho maangavu na matamvua mekundu, saizi ya kiganja na zaidi. Miba yake ina sumu, kwa hiyo naikata kwa mkasi kabla sijagusa kitu kingine. Ikikuchoma, tia mkono katika maji ya moto unayoweza kuyastahimili.

Lakini siri ya chakula changu ilikuwa nazi. Wengi hukamua mara moja wakatupa machicha. Mimi nilikuna nazi 6, nikakamua tui la kwanza bila maji mengi, zito kama maziwa ya mtindi, nikalifunika pembeni. Tui la pili likapikia wali. La tatu, ambalo watu huliona maji tu, likachemshia mbaazi mpaka zikalainika, nikazimalizia kwa upawa mmoja wa lile zito. Machicha wakala kuku. Nazi zile zile, vyungu vitatu.

Tafi niliwapasua mgongoni, nikawasugua chumvi, ndimu, thomu, tangawizi na pilipili, nikawabanika kwa makaa. Tui zito nikalibandika na bizari, moto mdogo, nikikoroga bila kuacha, maana likiachwa lichemke peke yake hukatika. Ukwaju usiutie mapema! Nautia tui likishakuwa rojo na nimeshaliepua. Kisha nikawapaka samaki wakiwa juu ya makaa, nikigeuza na kupaka tena, mpaka rojo likashika na kuungua kidogo kwenye kingo. Pale penye kuungua ndipo penye ladha.

Embe mbichi na pilipili nikazikata kachumbari. Vyote pamoja, pamoja na mchele, havikuzidi shilingi elfu tatu na kitu. Nguru peke yake angezimaliza.

Sinia zilirudi na miba mitupu. Mamamkwe aliniita jikoni akauliza, "Mwanangu, huu mchuzi wa mbaazi umeweka nazi ngapi?" Nilipomwambia ni tui la tatu, alinitaka nirudie maelezo tangu mwanzo, na bintiye akaja kusikiliza.