Siku mgongo wangu uliposikia msondo

Ilikua 2011, mwezi wa saba, ile baridi ya kusi ambayo watu wa bara wakija Mombasa wanaicheka. Nlikua na miaka 22 na nshavuka feri ya Likoni Jumapili tatu mfululizo kwenda kufunzwa ngoma na ami yake rafiki yangu, na Jumapili zote tatu kazi yangu ilikua kuokota vifuu na makuti makavu ya kuwashia moto. Ngoma yenyewe hata kuigusa sijaigusa.

Moto ni wa kukaza ngozi ya ngoma. Unyevunyevu wa huku pwani unailegeza, ukiipiga inasema bwe kama unapiga godoro, kwahivyo unaisogeza karibu na moto, unaizungusha, unaigonga na kidole, unangoja, unaigonga tena mpaka sauti ipande. Zile djembe za Afrika Magharibi wanazopigia watalii kwenye mahoteli ya ufuoni (sio jembe la kulimia, nshawahi kubishana na mtu) zinakazwa kwa kamba. Sisi ni vifuu.

Sasa siku hiyo ya nne nikamwambia, "Ami, leo naomba nipige." Akaniangalia, akacheka, akasema, "Njoo ukae hapa. Nipe mgongo."

Nikakaa chini mchangani, mgongo nimeuegemeza kwenye msondo, ile ngoma ndefu ya kusimama, na yeye yuko juu yangu. Akapiga moja. Wallahi ile sauti sikuisikia kwa masikio kwanza, iliingia kwenye uti wa mgongo ikashuka mpaka kiunoni alafu ikarudi kifuani, meno yakagongana. Akapiga tena, polepole, mdundo wa chakacha, na wenzake wawili wakaingia, mmoja na chapuo amelaza mapajani anapiga pande zote mbili, mwengine na vumi, lile kubwa, na vumi hulisikii kwa mgongo, unalisikia tumboni. Nikafumba macho. Nlikua nasikia kila ngoma sehemu yake ya mwili, sijui niwaelezeje, kama watu watatu wanagonga milango mitatu ya nyumba moja.

"Mguu wako unafanya nini?" Ami akauliza. Nikaangalia, mguu unagonga mchanga wenyewe, mbili, mbili. "Basi huo usiuguse, uwache. Sasa mikono ihesabu tatu." Nikapewa chapuo.

Hapo ndipo aibu ilipoanza. Mguu mbili, mikono tatu, ndani ya kipande kile kile, na kila nikiifikiria mikono mguu unaifuata, nikiufikiria mguu mikono inasimama. Nikaanza kupiga kwa nguvu nikidhani nguvu ndio dawa. "We mwanangu, unatwanga mpunga?" Wote wakaangua kicheko. Akaniambia mkono uutoe kama umeshika sufuria ya moto, usiuwache ulale pale, ukilala unaiziba sauti mdomo. Na saa nivue.

Sijui ilikua dakika ngapi. Jasho liliningia machoni, viganja vinawaka, vidole vimekua vinene kama ndizi za mzuzu, na nlikua nshakata tamaa nikawa namwangalia tu kuku mmoja anaparua karibu na jivu, na nikiwa namwangalia yule kuku nikasikia chapuo inalia safi, nikajiuliza nani huyo anaepiga vizuri hivyo. Ilikua ni mimi! Nywele za mikono zilisimama, nikacheka kwa sauti, na nilipocheka nikaipoteza. Lakini nlikua nshaipata, na vumi likaniita tena, nikaingia tena, safari hii tukaenda mpaka moto ukazimika na ngozi zikaanza kulegea.

Kwenye feri kurudi nlijaribu kushika lile bomba la pembeni nikashindwa, viganja havifungi. Nikasimama tu katikati ya watu mikono nimeiinua kidogo kama mtu alietoka kutawadha, na injini inatetemesha sakafu, na mguu, ule mguu, mbili, mbili. Mama mmoja mwenye buibui akasogea pembeni.

Nyumbani kulikua na wali wa nazi, umetoka motoni sasa hivi. Nikatia mkono nikauchomoa haraka. Mamangu akauvuta akaugeuza, akaangalia ule wekundu.

"Umepigana na nani?"

"Sijapigana, mama."

"Nani kakupiga basi?"

Nikaomba kijiko.