Chumba cha Palma, yuro 650

Juzi usiku natoka zamu, mwenye nyumba kanitumia ujumbe: kuanzia Mei chumba kinapanda kutoka yuro 450 hadi 650. Chumba jamani, si nyumba! Choo tunatumia watu 5, dirisha linatazama ukuta wa jirani, na nikinyoosha mikono nagusa pande zote mbili. Geuza hiyo iwe shilingi, halafu kumbuka kodi ya chumba Ukunda, kwetu Pwani ya Kenya.

Huu ni mwaka wangu wa 4 Mallorca, kisiwa cha Uhispania ambacho Palma ndio mji wake mkuu. Natandika vitanda hotelini Playa de Palma, upande wa Wajerumani. Waingereza wako Magaluf, ng'ambo ya ghuba. Kijerumani nilichookota Diani nikisuka watalii nywele ndicho kilichonipa kazi. Kisiwa hiki Wajerumani wenyewe hukiita kwa utani jimbo la 17 la Ujerumani, na ukifika Santanyí au Andratx utaelewa: ofisi za kuuza nyumba zina mabango ya Kijerumani, na gazeti lao lipo. Mzee ninayemsafishia nyumba Jumapili ana miaka 20 hapa, na Kihispania chake kinaishia kwenye salamu. Yeye anaitwa mkaazi. Mimi ninayeongea lugha nne naitwa mhamiaji. Neno hilo linaniuma kuliko mgongo.

Na mgongo unauma kweli, maana kuna siku nafika vyumba 22. Wasafishaji wa hoteli Uhispania wanajiita Las Kellys, yaani sisi tunaosafisha, na wamepiga kelele miaka mingi. Sheria ya utalii ya visiwa hivi vya Baleares ya 2022 ikazitaka hoteli ziweke vitanda vinavyoinuka. Kwetu vimefika: unakanyaga pedali, kitanda kinapanda hadi kiunoni, unachomeka shuka bila kuinama. Siku ya kwanza nililia. Kwetu Pwani sijawahi kuona hoteli ikimfikiria mtandika vitanda namna hiyo.

Tatizo ni pa kulala mimi mwenyewe. Mwaka 2024 maelfu walijaa barabara za Palma wakilia na nyumba zinazomezwa na utalii. Nilienda na mwenzangu wa kazini, mzaliwa wa hapa hapa, ambaye bado anaishi kwa mamake na wanawe wawili. Kuna wenye ajira wanaolala kwenye karavani. Bibi mmoja alinishika mkono katikati ya umati, akaniambia, "Binti, hatukuandamana kwa ajili ya kukufukuza wewe." Sijamsahau.

Wewe mdogo wangu unayeniuliza kila siku kama uje: usije na viza ya kutalii ukidhani mengine yatajipa. Msimu ni Mei hadi Oktoba. Baridi ikiingia hoteli nyingi zinafungwa, unakula akiba. Na kabla hujatoa hata senti ya dipoziti, uliza kama utaandikishwa padrón, daftari la wakaazi la manispaa. Usipoandikwa, miaka yako utaithibitisha kwa taabu sana, na karatasi za arraigo, yaani kibali cha aliyeishi hapa bila hati, zinadai miaka hiyo: 2 tangu Mei 2025, zamani ilikuwa 3. Wenye vyumba wengi hawataki kukuandikisha. Mimi nilizungushwa mwaka mzima, na mwaka huo umepotea hivyo.

Mwenye nyumba nimemjibu kwamba nitalipa 500, na tuandikiane mkataba. Tiki za buluu zipo tangu jana asubuhi. Hajajibu.